Bega la wa Mwisho

Watu wa pwani wana neno lao: kimai, wimbo wa mabaharia na wavuvi. Tanga zito la jahazi halipandi kwa nguvu ya mtu mmoja. Linapanda mikono yote ikivuta kwa pamoja, na anayeipanga mikono hiyo ni mwimbaji. Huku Kisesa, kilomita 20 hivi kutoka Mwanza kwenye barabara ya Musoma, hatuna tanga la kutweka. Tuna jembe. Lakini fundi ni yuleyule.

Nimemwona mzee mmoja akiimbisha kwenye shamba la mahindi, mstari wa watu kumi na wawili, ngoma moja pembeni. Majembe yakipanda anaimba peke yake, yakishuka wote wanaitikia, na chuma kinaingia ardhini papo hapo kwenye silabi ya mwisho. Udongo ukiwa mgumu alifupisha maneno. Ulipolainika karibu na mkondo wa maji, akayaachia yatambae. Jambo lililonishika ni macho yake. Hakututazama sisi tuliosimama kando, wala mpiga ngoma. Alimtazama kijana wa mwisho kwenye mstari. Mara bega la kijana lilichelewa kidogo, na mzee akairefusha irabu moja, kadiri ya pumzi moja tu, mpaka jembe lile likafika juu pamoja na mengine. Hakuna aliyesimama, na nadhani hata kijana mwenyewe hakujua kwamba amesubiriwa.

Baadaye nilimuuliza, "Babu, umejuaje?"

"Mjukuu wangu, bega lilikuwa limeshachoka. Ningekaza wimbo, angejikata mguu."

Nyimbo za namna hii Usukumani ni hazina kubwa. Frank Gunderson, mtafiti wa muziki kutoka Marekani, alichapisha mwaka 2010 kitabu kinene chenye zaidi ya nyimbo 300 za kazi za Wasukuma: za wakulima, za wawindaji, za wapagazi, za misafara ya chumvi kwenda Ziwa Eyasi. Wapagazi hao ndio waliobeba pembe za ndovu kwa miguu hadi pwani katika karne ya 19, kila mtu na mzigo wa kilo 30 hivi. Wimbo wa mpagazi hauwezi kuwa wa mkulima, kwani unatembea. Pumzi yake inafuata nyayo, na uzito wa mzigo haumruhusu mtu kupaza sauti apendavyo.

Hapa jirani, Bujora, Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, alianza miaka ya 1950 kukusanya ngoma na vyombo vya Wasukuma, na Makumbusho ya Bujora yakatokana na kazi hiyo. Mwezi Juni, wakati wa sikukuu ya Bulabo, vikundi vya ngoma vya Wagika na Wagalu vinashindana kuvuta watazamaji, na Bugobogobo huchezwa kwa majembe yanayorushwa hewani na kudakwa bila kupoteza pigo. Naipenda sana ngoma hiyo. Ila jukwaani mchezaji aliyechoka hupumzishwa na mwenzake, na mwimbishaji hana tena bega la kulilinda. Ufundi ule mwingine, wa kusikiliza kwa macho, unahitaji shamba lenyewe.

Au ziwa letu lenyewe, hapa Mwanza. Mialoni kama Igombe boti nyingi sasa zina injini, na injini haihitaji kuimbiwa. Lakini jioni, boti iliyolowa ikivutwa juu ya mchanga, injini haina msaada. Watu wanashika kingo, magoti ndani ya maji, wanangoja. Kisha mtu mmoja, mara nyingi mkubwa wa umri kuliko wote, anatupa neno moja fupi, anachungulia upande wa pili wa boti kuona kama wote wameshika, na ndipo anatupa la pili.