Istilahi za Sarafu Kongwe: Kima si Thamani

Maelezo ya Kiswahili kuhusu sarafu kongwe yana kasoro moja ya msingi: neno "thamani" limebebeshwa mizigo miwili. Hutaja kiasi kilichochapwa juu ya sarafu, na papo hapo hutaja ubora wake kwa wakusanyaji. Tuchukue mfano wa mkulima wa Nyakasimbi, Karagwe, nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani hadi 1916, anayeokota sarafu ya shaba shambani mwa migomba. Akiambiwa kuwa thamani yake ni Heller moja, na kwamba Heller 100 zilikuwa rupia moja, atampa mchuuzi wa kwanza apitaye. Twapendekeza basi "kima" kwa kiasi kilichochapwa, "thamani" kwa ubora unaotokana na uhaba na hali ya sarafu, na "bei" kwa mapatano ya wauzianao.

Kasoro ya pili ni ya majina. Wako wanaoandika "hela moja". Neno hilo limetokana na Heller, lakini leo ni fedha yoyote, kama ilivyo pesa, nayo sarafu ndogo ya zamani: 64 kwa rupia, kabla ya Heller kuanza mwaka 1904. Yafaa jina la sarafu libaki Heller, likifuatwa na mwaka na herufi ya kiwanda: A ni Berlin, J ni Hamburg, na T ni Tabora, zilikopigwa sarafu za vita mwaka 1916. Wala "senti ya tundu" si jina la kila sarafu iliyotobolewa. Heller 10 zilikuwa na tundu tangu 1908, kabla ya senti za shilingi ya 1921.

Kasoro ya tatu ndiyo yenye hasara isiyorudishika. Rangi ya kahawia iliyotanda juu ya shaba huitwa "kutu", na kutu, kwa desturi, hung'olewa. Sarafu husuguliwa kwa jivu na ndimu, maandishi yakafifia, thamani ikapotea. Rangi hiyo tuiite "utando". "Kutu" libaki kwa unga wa kijani unaoila shaba. Vilevile "kuhifadhi" kusifasiriwe kuwa kusafisha: ni kuishika sarafu ukingoni na kuiweka pakavu ndani ya karatasi.

Ni rai yetu kwamba walimu, wafasiri na watumishi wa serikali wazitumie istilahi hizi, ili mwenye sarafu ajue alicho nacho kabla ya kukitoa.