Kizuri Hakijiuzi

Wahenga walituambia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Walioyasema hayo hawakufika Detroit miaka ya 1960. Huko, kama ilivyokuwa Chicago na Philadelphia, kampuni ndogondogo zilitoa nyimbo za soul kwenye santuri za inchi saba, wimbo mmoja kila upande, na nyingi zilikufa kabla ya kusikika mtaa wa pili. Hazikufa kwa ubaya. Wapigaji wa Motown, kampuni kubwa ya Detroit, wale Funk Brothers, walikuwa wakimtoroka tajiri wao na kwenda kupiga kwa siri katika studio ya Golden World, mshindani wake wa mji huohuo. Gitaa lilikuwa lilelile, besi ileile. Kilichokosekana ni fedha za kuisukuma santuri redioni, na msambazaji wa kulipa kwa wakati. Kampuni ikifilisika, mwimbaji alitafuta kazi nyingine, na shehena ya santuri ikauzwa kwa bei ya kutupa.

Ndiyo maana nawasifu watu wanaokitembeza kizuri: wanaochakura masanduku ya santuri zilizosahaulika, wakasikiliza, wakapima, kisha wakamwambia mwenzao, sikia hii, na sababu ni hizi.

Mabingwa wa kazi hiyo walitoka miji ya viwanda ya kaskazini mwa Uingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walikesha wakicheza katika klabu ya Twisted Wheel, Manchester. Baadaye ikawa zamu ya Wigan Casino, iliyofunguliwa mwaka 1973 na kufungwa mwaka 1981, ambako watu walicheza hadi asubuhi bila pombe kuuzwa. Dave Godin, aliyekuwa na duka la santuri London, aliona kwamba wateja wa kutoka kaskazini hawakujali mitindo mipya ya funk. Walitaka mdundo wa kasi wa miaka iliyopita. Mwaka 1970, katika safu yake jaridani, akaupa muziki wao jina: Northern Soul.

Kazi hii yataka sikio lisiloegemea umaarufu. Kwenye santuri kuna lebo ya karatasi tu, yenye majina ya mtunzi na mtayarishaji, na namba zilizochongwa pale mifereji inapoishia. Mjuzi huanzia hapo: akikuta jina la mpangaji muziki anayemwamini, hununua kabla hajasikia. Kisha huweka sindano, na wimbo ukiisha huigeuza santuri. Gloria Jones alitoa “Tainted Love” mwaka 1965, upande B wa santuri isiyouzika. DJ Richard Searling aliinunua Marekani na kuivusha hadi Uingereza, ikawa kipenzi cha klabu za kaskazini. Mwaka 1981 kundi la Soft Cell likaurudia wimbo huo, ukashika namba moja Uingereza.

Baada ya kusikia, kuna kusema. “Ni kali sana” si maoni, ni kelele. Maoni yenye thamani huonyesha tarumbeta zinaingia wapi, kwa nini mwimbaji anabaki nyuma kidogo ya ngoma, na ni katika ubeti gani sauti inamwelemea.

Ufundi huu una maradhi yake pia. Ma-DJ walibandika karatasi juu ya lebo na kumzulia mwimbaji jina, washindani wasiipate santuri. “Do I Love You (Indeed I Do)” wa Frank Wilson, uliorekodiwa mwaka 1965, ulipigwa Wigan kwa jina la Eddie Foster. Hila hiyo ilikuwa na faida moja: wachezaji walihukumu sauti, si jina. Lakini ilifungua mlango wa kuabudu uadimu. Nakala za majaribio za wimbo huo ziliharibiwa karibu zote, na moja iliyosalimika ikauzwa mwaka 2009 kwa zaidi ya pauni 25,000. Wimbo ni mtamu kweli, ila utamu wake hautokani na bei. Zipo santuri adimu zilizostahili kubaki adimu, na mjuzi wa kweli huthubutu kusema hivyo hata kama amezilipia.

Kwa hiyo namrudia Godin. Wakati wengi walitaka nyimbo za kuchezeka tu, yeye alizitetea zile za taratibu, zenye uchungu, alizoziita deep soul. Kuanzia mwaka 1997 alizikusanya katika albamu nne, na kwa kalamu yake mwenyewe akaeleza kila wimbo umeingia kwa sababu gani. Anayeficha lebo hujipatia fahari ya usiku mmoja. Anayeeleza humpa msikilizaji asiyemjua njia ya kufika mwenyewe, hata ya kumpinga. Tena humrudishia mwimbaji chake. Waliokosa mauzo wasikoseshwe jina pia.