Uhalisi na Karatasi ya Alama: Hukumu ya Kilumi Jukwaani

Uhakiki wa fasihi simulizi nchini Kenya umeshughulikia sana ngano, methali na nyimbo, lakini hukumu inayotolewa juu ya ngoma mashindanoni umewaachia waamuzi wenyewe. Ni ajabu kidogo, kwani mhakiki anayesikilizwa kwa makini kuliko wengi wetu ni mwamuzi wa Tamasha la Muziki la Kenya, lililoasisiwa mwaka 1927. Mwalimu ambaye kundi lake limeshindwa huandika kila neno la mwamuzi huyo, na mwaka unaofuata hurekebisha ngoma kwa kulifuata. Makala haya yanaichunguza hukumu hiyo kwa kurejelea kilumi cha Wakamba.

Chukua Sultan Hamud, mji wa Makueni ulioko kando ya reli na barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, karibu na nchi ya Wamaasai. Mtoto anayesomea mji wa namna hii huenda asikijue kilumi ila kupitia mazoezi ya tamasha. Kwa hiyo anachokisifu mwamuzi ndicho kitakachokuwa kilumi kwake.

Vigezo vya kawaida vinafahamika: uhalisi, uwiano wa sauti na ala, maleba, matumizi ya jukwaa, mshikamano wa wachezaji. Kimojakimoja havina ubaya. Tatizo ni uzito wa mshikamano, yaani safu zilizonyooka na miguu inayokanyaga kwa pamoja. Kigezo hicho huzifaa ngoma za sarakasi zilizowapatia Wakamba sifa, ambamo mchezaji akichelewa mwenzake huanguka. Kilumi kina shabaha nyingine. Ni ngoma hasa ya wanawake waliokwisha kula chumvi, huchezwa wakati wa kuomba mvua au kumganga mgonjwa, na kilele chake ni aimu, yaani mizimu, kumpanda mchezaji. Mpigaji humsoma mchezaji, humchochea, humngoja. Hakuna ajuaye kilele kitafika lini, au kama kitafika.

Kikiletwa jukwaani kwa dakika chache, kilele hicho hakina budi kuigizwa: msichana hutetemeka panapostahili. Mwamuzi naye hutoa alama za uhalisi. Uhalisi wa kitu gani? Msichana amemwiga mshindi wa mwaka uliotangulia, na mwamuzi mwenyewe huenda amekiona kilumi jukwaani mara nyingi kuliko uani. Jukwaa linajipima kwa jukwaa.

Haifuati kwamba mashindano ndiyo adui. Wasukuma wa Tanzania, katika ushindani wa Bagika na Bagalu, huyachezesha makundi mawili kwa wakati mmoja uwanjani, na ushindi huwa wa kundi lililovuta watu wengi zaidi. Hadhira huhukumu kwa miguu yake. Fanani hapo hushinda kwa kubuni jambo ambalo jirani yake hakulitarajia. Safu iliyonyooka peke yake haimwiti mtu kutoka upande wa pili.

Itadaiwa kwamba alama hutolewa kwa mambo yanayopimika, na kwamba mwalimu aliyeshindwa ana haki ya kuelezwa sababu. Tunakubali. Lakini mazungumzo ya ngoma na mwili yanaonekana kwa macho. Mpigaji anamtazama nani? Anapobadilisha mdundo, ni kwa sababu mchezaji amebadilika, au ni kwa sababu dakika ya tatu imetimia? Je, ngui, yaani kiongozi wa wimbo, anaongeza maneno yanayoihusu hadhira iliyo mbele yake, au anakariri yaleyale aliyoyaimba katika duru iliyotangulia? Ngui akitunga papo hapo, huenda waitikiaji wakayumba kidogo. Kwa vigezo vya sasa kuyumba huko ni kosa. Kwa maoni yetu ni dalili kwamba utendaji ungali hai.

Kuhusu kumtaka msichana wa miaka 12 aigize kupandwa na mizimu, tungependelea mwalimu akiache kilele hicho kabisa, na mwamuzi asimpunguzie alama kwa kukiacha.