Ulevi wa Zakaria katika Rosa Mistika

Tangu riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, ilipochapishwa mwaka 1971, wahakiki wengi wameijadili kama riwaya ya malezi. Hoja yao inajulikana: Zakaria anamlea bintiye kwa ukali uliopita kiasi; Rosa anapofika shule ya bweni, mbali na jicho la baba, anakosa nguvu ya kujizuia, na mwisho anajiua. Hoja hii ni ya kweli lakini haitoshi. Ulevi wa Zakaria hutajwa kwa sentensi moja, katika orodha ya tabia zake mbaya, kisha huachwa. Makala haya yanadai kwamba ulevi huo si pambo la mhusika, bali ni nguvu inayoisukuma riwaya nzima.

Kiswahili chenyewe kinatusaidia kuliona jambo hili. Mtu aliyelewa ni mtu wa jana jioni. Akilala, pombe itamtoka. Mlevi ni mwingine. Jina hili, lililoundwa kutokana na kitenzi lewa kwa kiambishi tamati -i, humtaja mtu kwa mazoea yake, kama mwizi anavyoitwa mwizi hata siku asiyoiba. Zakaria ni mlevi kwa maana hii. Alikuwa mwalimu, na pombe ikamkosesha kazi. Lakini kupotea kwa kazi hakukukata kiu. Mzigo wa nyumba yenye watoto wengi ukamwangukia mkewe, Regina. Katika nyumba kama hiyo karo na pombe hugombea senti zilezile, na mlevi haketi chini akapima kipi bora. Kiu imekwisha kuamua.

Baba huyu asiyeweza kujitawala ndiye anayeshika fimbo ili kuitawala nafsi ya bintiye. Kipigo anachompa Rosa kwa ajili ya barua ya Charles kinamfunza hofu tu. Hofu ilipobaki nyumbani Ukerewe, Rosa hakuwa na kitu kingine cha kumwongoza. Kwa hiyo kuanguka kwa baba na kuanguka kwa binti ni hadithi moja: wote wawili wanatekwa na mazoea. Tofauti imo katika hukumu ya jamii. Mlevi huchekwa, binti hulaaniwa. Hata riwaya ilipopigwa marufuku katika shule za Tanzania, kilichowatisha wakubwa ni mapenzi ya Rosa, si chupa ya babaye.

Hata hivyo, Kezilahabi naye hakusalimika kabisa na desturi hiyo ya kuhukumu. Katika sehemu ya mwisho anawapeleka Rosa na Zakaria mbele ya Mungu, wakabishane juu ya lawama. Fani hii ya baraza ina nguvu, kwani inampa binti ulimi ambao nyumbani alinyimwa. Lakini baraza huuliza nani ana hatia. Haliulizi kiu huanzaje, wala kwa nini mtu aendelee kunywa kinachomwangamiza. Zakaria anajibu kama mshtakiwa, hajibu kama mgonjwa.

Leo Shirika la Afya Duniani huhesabu utegemezi wa pombe miongoni mwa maradhi, na lugha nayo imepiga hatua. Neno uraibu, ambalo pwani lilihusu tambuu, popoo, chokaa na tumbaku ya kutafuna, limepanuka hata likabeba maana ya kutekwa na pombe na dawa za kulevya. Kumwita Zakaria mraibu hakumwondolei dhima kwa Regina na watoto. Kunamlazimu mhakiki aeleze zaidi ya kulaumu. Mwalimu anayeifundisha riwaya hii na akumbuke kwamba miongoni mwa wanafunzi walioketi mbele yake wamo waliotoka katika nyumba ya Zakaria. Hao hawahitaji kuambiwa kuwa ulevi ni tabia mbaya. Wanalijua hilo kabla ya kufungua kitabu.