Ufundi wa Jibu Lisilo Sahihi

Watu wakisifu vifaa vya mtandaoni vya kufundishia lugha, aghalabu husifu rangi, muziki na nyota zinazomwagika kiooni mwanafunzi anapopatia. Mimi namsifu mwalimu aliyekesha akitunga majibu yasiyo sahihi. Jibu sahihi halina kazi, liko kitabuni tayari.

Chukua swali fupi la mgeni anayejifunza Kiswahili: Kipepeo ___ruka. Mwalimu mwenye haraka ataweka ana-, mna- na tuna-, na mwanafunzi atapatia bila kuchoka. Fundi ataweka ana-, kina- na lina-. Anayechagua kina- ana akili zake: ameiona ki- ya mwanzo, akakumbuka kisu kinakata na kiti kinavunjika, akafuata mkondo huohuo. Kilichompita ni kwamba mwenye uhai huchukua a-, jina lake lianze na nini. Aliyechagua lina- amebahatisha tu. Makosa hayo mawili hayafanani, na mwalimu mzuri hayajibu kwa alama moja nyekundu. Wa kwanza anaandikiwa, "Umelitazama jina; sasa mtazame kipepeo mwenyewe. Je, ana uhai?" Kisha analetewa kifaru, kinyonga na kiongozi. Mwisho anategwa kwa kikapu, maana sasa ameshazoea kuweka ana- kila mahali.

Hapo ndipo chombo kinapokuwa na faida ya kweli. Darasani, mwalimu mwenye wanafunzi arobaini hawezi kumwuliza kila mmoja aliwaza nini. Zoezi lililotungwa vyema humwuliza kila mmoja palepale, kabla kosa halijawa mazoea.

Zoezi la kujaza nafasi lina historia yake. Mwaka 1953 Mmarekani Wilson Taylor alipendekeza kufuta maneno katika kifungu ili kupima kama maandishi yanasomeka kwa urahisi, na baadaye walimu wa lugha wakalichukua. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Victoria, Kanada, kilitoa Hot Potatoes, programu iliyomwezesha mwalimu asiyejua kuandika programu kutengeneza mazoezi hayo ya kufanyia kwenye kompyuta. Lakini kwa Kiswahili, kufuta neno zima mara nyingi ni kupiga nje ya shabaha, kwa kuwa sarufi yetu imejificha ndani ya kitenzi. Katika Vitabu tuli___vinunua vimepotea, kinachotafutwa ni silabi moja tu, -vyo-, na anayeiweka bila kusita ameshavuka mto mkubwa.

Mashine nayo haina huruma. Mwanafunzi akiandika nimeenda, na mwalimu aliorodhesha nimekwenda peke yake, atakosolewa ilhali amepatia. Kwangu hilo ni kosa baya kuliko swali gumu, kwa sababu linamfundisha mtu kuutilia shaka ujuzi alionao.

Kuhusu kasi nina neno moja. Kahoot!, programu ya mashindano ya maswali iliyotoka Norway mwaka 2013, kwa kawaida humpa pointi zaidi anayewahi kujibu. Kwa majina ya matunda, sawa, darasa lichangamke. Kwa upatanisho wa kisarufi, zima saa, anayefikiri asiadhibiwe.

Ninachokipenda zaidi ni video inayosimama katikati na kuuliza. Muuza vitenge anasema, "Elfu ishirini, dada." Picha inaganda. Mteja ajibu nini? "Punguza kidogo, kaka", "Bei hii ni ghali, sitanunua", "Naomba unipatie punguzo la bei." Sentensi zote tatu zina sarufi safi. Ya pili imeufunga mlango wa mazungumzo, ya tatu ni lugha ya barua ya ofisini, na anayeichagua sokoni ataeleweka, ila muuzaji atatabasamu kidogo. Swali kama hilo halitungwi na aliyesoma sarufi tu. Linamtaka mtu aliyewahi kusimama kwenye meza ya vitenge akabishana bei.

Basi mwalimu mwenzangu, kabla hujawatumia wanafunzi zoezi lako, mpe kwanza mtu aliyekulia katika Kiswahili alifanye lote. Akikwama popote, usimweleze chochote. Rudi ukalitunge upya swali hilo.