Pamba na Swali Moja: Jinsi "After Life" Inavyomfariji Mfiwa

Filamu zinazosimulia mambo ya akhera si haba, na aghalabu mafundi wake hutumia nguvu zao zote kuipamba akhera yenyewe. Powell na Pressburger, katika A Matter of Life and Death ya mwaka 1946, waliijengea ngazi kubwa mno na kuivika weusi na weupe, ilhali dunia waliiacha na rangi zake. Coco ya mwaka 2017 nayo iliujaza mji wa wafu taa na maua. Sizidharau kazi hizo. Lakini mwaka ule tuliomzika mama, iliyonituliza moyo ilikuwa After Life ya Mjapani Hirokazu Kore-eda, iliyotoka mwaka 1998, ambayo akhera yake haina pambo lolote, na hapa nataka kueleza ufundi uliofanya iwe hivyo.

Marehemu huwasili Jumatatu katika jengo kuukuu lifananalo na shule iliyohamwa, wakapokewa na makarani wasio na mbawa wala nuru, wakaambiwa ya kuwa hadi Jumatano kila mmoja awe amechagua kumbukumbu moja tu katika umri wake wote. Makarani huitengeneza kumbukumbu hiyo kwa filamu, na Jumamosi mwenyewe huitazama, kisha hutoweka nayo, na mengine yote yakamtoka.

Kore-eda alitokea katika filamu za hali halisi za televisheni, na amesimulia kwamba utotoni alimshuhudia babu yake akipotewa na kumbukumbu hata asiwatambue watu wa nyumbani. Kabla ya kuandika mchezo wake, aliwauliza watu wapatao 500 swali lile lile la makarani, na baadhi yao, ambao si waigizaji kabisa, aliwaweka mbele ya kamera wasimulie yao wenyewe, akawachanganya na waigizaji wa kazi, na mtazamaji hana njia ya hakika ya kuwatenga. Kamera imetulia upande wa pili wa meza, mahali pa karani, na nyuma ya msemaji hakuna muziki wa kutuambia lini tulie. Bibi mmoja anakumbuka alivyocheza ngoma utotoni, amevaa gauni jekundu, kwa ajili ya kaka yake. Anasita, anajisahihisha, kisha mikono yake ya uzee inainuka na kuanza kucheza. Nimezoea kusikia masimulizi ya namna hiyo juu ya mikeka ya matanga, ambako mtu huanza na dua akaishia kusimulia marehemu alivyopenda kuchekesha watoto, na sijaona filamu nyingine iliyoyasikiliza kwa subira kama hiyo.

Kisha huja siku za kutengeneza, na hapa ndipo ustadi wake ulipofikia upeo, maana Kore-eda haufichi uongo wa sanaa hata chembe. Mtu aliyependa kurusha ndege ndogo kati ya mawingu anatengenezewa mawingu ya pamba. Mwingine, aliyekumbuka upepo wa dirishani katika tramu, anawekwa katika gari linalotikiswa kwa mikono ya makarani. Pamba ni pamba, kila mtu anaiona, na bado uso wa mwenyewe unang'aa. Mfiwa aliyekwisha kuingiwa na hofu kwamba sauti ya mpenzi wake inaanza kumpotea, anaonyeshwa waziwazi ya kuwa kumbukumbu iliyoungwaungwa na mikono ya watu nayo ni halali, na inatosha kuchukuliwa safarini.

Mzee Watanabe, aliyekufa akiwa na miaka 71, haoni la kuchagua, akaletewa kanda 71 za video, moja kwa kila mwaka wa maisha yake. Karani wake, Mochizuki, kijana aliyekufa kwa sababu ya vita mwaka 1945, anatambua kwamba mke wa mzee huyo alikuwa mchumba wake yeye, na kwamba bibi huyo, alipofika hapo zamani, alichagua siku aliyoketi naye. Kwa miongo yote hiyo kijana hakujua kwamba alikuwa sehemu ya furaha ya mtu. Jambo hilo lilinishughulisha kuliko yote, kwani swali linalomtafuna mfiwa usiku aghalabu ni hilo: je, nilimfaa? Mapenzi ya karani mwenzake, Shiori, kwa Mochizuki, yanayochukua nafasi kubwa mwishoni, kwangu yana uzito mdogo, na yangaliweza kufupishwa.

Na Jumamosi ikifika, taa zinazimwa, lakini filamu zile walizotengenezewa marehemu hatuonyeshwi. Huo nauhesabu kuwa uamuzi bora wa fundi huyu: kumbukumbu ya mtu inabaki mali yake, na itikadi ya mtazamaji juu ya barzakhi haiguswi.

Ndugu msomaji uliye na msiba, usiitazame peke yako. Itazame na mtu aliyemjua marehemu wako, na ikiisha, mwulize yeye angechagua siku gani, kisha mwache aseme mpaka amalize.