"Nasadiki": Neno la Mtu Mmoja

Kila Jumapili hapa Songea, baada ya mahubiri, sisi Wakatoliki husimama pamoja na kukiri imani yetu. Neno la kwanza ni "Nasadiki". Ukilipima neno hilo kwa sarufi tu, utaona kwamba ni neno la mtu mmoja. Hatusemi "tunasadiki". Lakini linatamkwa na kanisa zima kwa sauti moja, na nionavyo mimi, hapo ndipo udhaifu wetu unapojificha. Kila mmoja anasema "mimi", huku amejibanza nyuma ya sauti ya jirani yake.

Makala haya ni uhakiki, wala si mahubiri. Nia yangu ni kutazama jinsi sisi tuliobatizwa tunavyolitumia neno hilo, na kwa nini wengi wetu tunazeeka nalo mdomoni bila kulishusha mikononi.

Tuanze na lugha yenyewe. Neno "sadiki" tumelipokea kutoka Kiarabu, nalo ni ndugu wa "sadaka". Mzizi wao ni mmoja. "Imani" nayo ni ndugu wa "amana", yaani kitu unachokabidhiwa ukitunze, kisha uulizwe habari zake. Tena kwetu sisi imani ina maana ya pili. Mtu akimpita mgonjwa njiani bila kujali, wazee husema, "Huyu hana imani." Hawana maana kwamba hajui Katekisimu. Wana maana kwamba hana huruma. Basi Kiswahili kilikwisha kuunganisha vitu ambavyo sisi tumevitenga: kukubali moyoni, kutoa, kutunza na kuhurumia.

Je, tulivitenga vipi? Jibu moja limo katika historia yetu. Wabenediktini waliweka misheni Peramiho mwaka 1898. Miaka saba baadaye vita vya Maji Maji vilifika Ungoni, na misheni ikachomwa moto. Mwezi Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss aliuawa njiani, upande wa Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Mwaka 1906 Wajerumani wakawanyonga viongozi na wapiganaji wa Kingoni hapa Songea, nao wakazikwa katika kaburi la pamoja pale Mahenge, ambapo leo pana makumbusho. Wengi wao walibatizwa kifungoni kabla ya kunyongwa. Ubatizo huo ni vigumu kuuhakiki, kwani aliyewabatiza alikuwa Mzungu kama wale waliowanyonga, na waliobatizwa hawakupata hata siku chache za kuuishi. Sisi tumepewa miaka hamsini, sitini, na bado tunasema tutaanza kesho.

Baada ya vita, shule ndiyo iliyokuwa mlango mkubwa wa kanisa. Kijana alikwenda kutafuta kusoma na kuandika, akapata na ubatizo. Siwalaumu wamisionari kwa hilo, wala wazazi wetu. Katekisimu ya maswali na majibu ilikuwa na faida kubwa: bibi asiyejua kusoma aliweza kubeba mafundisho yote kichwani hadi shambani. Upungufu wake ni kwamba kila swali lilikuwa na jibu la mdomo. Hapakuwa na swali la kujibiwa kwa miguu. Aliyejibu vizuri alifaulu, na aliyefaulu alidhani amemaliza.

Viongozi wa kanisa waliliona jambo hili. Maaskofu wa AMECEA walipokutana Nairobi mwaka 1976, walitilia mkazo Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ili imani itoke katika umati wa Jumapili na kuingia kati ya nyumba na nyumba, ambako watu wanafahamiana kwa majina. Ulikuwa mpango mzuri, na mpaka leo sijaona ulio bora zaidi. Lakini hebu tuutazame mkutano wa jumuiya ulivyo mara nyingi. Sala inasaliwa, somo linasomwa, mahudhurio yanaandikwa, michango inatajwa pamoja na wadaiwa wake. Kisha mmoja anasema kwamba mama fulani anaumwa, hana wa kumtekea maji. Wote wanaitikia, "Tumwombee." Anaombewa kwa moyo wote, na watu wanatawanyika. Ndoo ya mama yule inabaki tupu.

Hapa ndipo ninapoona tofauti kati ya kuamini kwa kukaa na kuamini kwa kujitoa. Si tofauti ya elimu, kwani wapo wenye elimu kubwa ya dini wasiotikisika. Wala si ya hisia, maana machozi ya mkesha hukauka asubuhi. Tofauti ni maswali mawili tu: nani, na lini? "Jumuiya itamsaidia" bado ni imani iliyolala. "Mimi nitakwenda Jumanne asubuhi" ndiyo "Nasadiki" iliyorudi katika umoja wake. Mtu aliyesema hivyo anaweza kuulizwa Jumanne jioni. Na nadhani hiyo ndiyo sababu hatupendi kusema hivyo.

Msomaji atanipinga kwamba watu wetu si wavivu. Kuna kamati, kwaya, sare, harambee. Ni kweli, lakini pilikapilika si kujitoa. Mtu anaweza kuwa mjumbe wa kamati tano ili asipate nafasi ya kwenda kwa mama yule.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Waliokunywa maji ya Kinjekitile nao waliamini kwa vitendo, wakaziendea bunduki kifua wazi. Kutenda peke yake hakuthibitishi kwamba unachokiamini ni kweli. Nalikubali hilo, na ndiyo maana nairudia maana ile ya pili ya imani. Tendo lisilo na huruma ndani yake, hata likifanywa kwa jina la Mungu, wazee wetu wangesema halina imani.

Kanisa Kuu letu la Songea lina jina la Mtakatifu Mathias Mulumba Kalemba, mmoja wa mashahidi wa Uganda. Mtu huyu alijaribu Uislamu, kisha akasikiliza Waprotestanti, mwisho akawa Mkatoliki, akabatizwa mwaka 1882. Aliyabadili maisha yake tangu nyumbani mwake, akabaki na mke mmoja. Kifo chake cha mwaka 1886 ndicho tunachokiadhimisha, lakini miaka minne ile ya katikati ndiyo inayotuhusu. Aliishi kila siku kile alichokikiri, na kifo kilimkuta kazini.

Hata karibu nasi mifano ipo. Masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes wa Chipole, shirika lililoanza mwaka 1938, wamelea yatima miaka mingi, na mwaka 2015 mtambo wao wa Tulila katika mto Ruvuma ulianza kutoa umeme wa megawati 5. Si kila mmoja wetu ataziba mto. Lakini kazi kama hiyo haifanywi na "jumuiya itasaidia". Kuna sista aliyeamka siku fulani kwenda kufanya sehemu yake.

Ndugu msomaji, sikuombi uongeze sala wala uingie kamati nyingine. Jumapili ijayo, utakapotamka "Nasadiki", kumbuka kwamba umesema wewe, si benchi lako. Na kabla hujafika nyumbani, taja mtu mmoja utakayemwendea, na siku utakayokwenda.